Oili Inayovuja kwenye Ekseli ya Nyuma ya Land Rover ya Zamani

Land Rover za mwanzo, zilizozinduliwa mwaka 1948 na kuendelea kuundwa kwa vizazi vitatu hadi 1985, bado zinatembea Afrika Mashariki, nyingine zikibeba mizigo mashambani na nyingine zikitunzwa na wapenzi wa magari ya kale. Tatizo linalowasumbua sana wenye magari hayo ni oili inayodondoka kutoka kwenye ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu pamoja na difu, ambayo ni mkusanyiko wa gia unaogawa nguvu ya injini kwa gurudumu la kulia na la kushoto.

Wengi hukimbilia kununua sili mpya. Sili ni pete yenye mdomo mwembamba wa mpira, au wa ngozi katika magari ya zamani zaidi, unaobana sehemu inayozunguka ili oili isipite, na ni kweli kwamba huchakaa. Hata hivyo, mara nyingi sili hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Gari linapotembea, ekseli hupata joto na hewa iliyomo ndani hutanuka, hivyo juu ya ekseli kumewekwa kipumulio, kijitundu chenye vali cha kuitolea hewa hiyo, ambacho kikizibwa na tope shinikizo hupanda na kuisukuma oili nje hata kama sili imefungwa jana. Oili iliyozidi huleta matokeo yaleyale, kwa kuwa inatakiwa kuishia kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa mahali tambarare. Kusafisha kipumulio hakugharimu chochote, na ndiyo maana kunapaswa kutangulia kazi nyingine zote.

Ikiwa oili bado inavuja, ekseli ioshwe, gari liendeshwe kidogo, kisha likaguliwe. Oili iliyorushwa mbele ya difu huelekeza kwenye sili ya pinioni, gia ndogo inayopokea mzunguko kutoka kwenye propela, yaani shafti ndefu inayotoka upande wa giaboksi. Iliyo upande wa ndani wa gurudumu hutoka kwenye sili ya habu, kitovu kinachoshika gurudumu. Oili ya difu ni nzito na hunuka kiberiti, lakini ikiwa kimiminika ni chepesi na kiwango katika chombo cha mafuta ya breki kinashuka, basi kinachovuja ni breki.

Kabla ya kupiga jeki, magurudumu ya mbele yawekewe kabari pande zote mbili, kwa sababu breki ya mkono ya magari haya haishiki magurudumu bali hushika propela ya nyuma karibu na giaboksi, hivyo propela ikifunguliwa, au hata gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, gari linaweza kuondoka.

Katika kufungua pinioni, propela hutiwa alama ili irudi ilivyokuwa, kisha nati ya katikati hufunguliwa na flanji, sahani inayopokea bolti za propela, huvutwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mdomo wa sili, ukisugua mahali pamoja kwa miaka mingi, huchimba mfereji unaohisiwa kwa ukucha, na sili mpya ikikaa juu ya mfereji huo itavuja tena baada ya muda mfupi, kwa hiyo flanji hubadilishwa au huvishwa kikoba chembamba cha chuma. Habu nayo ina pete ambayo sili yake huisugua, nayo hukaguliwa vivyo hivyo. Sili mpya hupakwa oili mdomoni na kugongwa taratibu kuizunguka, mdomo ukielekea ndani.

Oili ikishafika kwenye breki shuu, yaani vipande vinavyoibana dramu ya gurudumu kutoka ndani, kuvifuta kwa petroli hakutoshi, maana vimekwishainyonya na vitaitoa tena vikipata joto, na gari litavuta upande mmoja dereva anapofunga breki. Mwenye gari asikubali kulichukua mpaka breki shuu za magurudumu yote mawili ya nyuma ziwe zimebadilishwa kwa pamoja.