Moto wa Msituni na Maji ya Mlima

Ndugu Wanachama,

Kila zifikapo siku za kaskazi, jua likakaza na majani yakakauka, wanachama hutuuliza kama kuna ubaya wa kuchoma mabiwi ndani ya mashamba ya mikarafuu. Kabla ya kujibu, tunapenda kuwaeleza habari za moto wa Mlima Kilimanjaro, kwani huko ndiko ionekanako wazi kazi ya moto katika dunia inayozidi joto.

Wengi wetu tumesikia kwamba barafu ya Kilimanjaro inayeyuka, tukadhani huo ndio msiba mkubwa wa mlima ule. Sivyo. Mtaalamu wa mimea, Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba hasara ya maji iletwayo na moto ni kubwa kuliko ile iletwayo na kupungua kwa barafu.

Sababu yake ni hii. Msitu wa juu hukaa ndani ya mawingu. Ukungu upitapo baina ya miti hunasa katika majani na matawi, ukawa matone, nayo hudondoka chini hata siku isiyonyesha mvua. Majani makavu yaliyolala chini huyanywa maji hayo kama dodoki, kisha huyaachia polepole kwenye chemchemi na mito. Msitu ukiungua, mahali pake huota vichaka vifupi visivyoweza kuushika ukungu, na mawingu hupita na maji yake.

Mlima ule umekuwa mkavu zaidi kuliko zamani, na mimea iliyokuwa mibichi sasa hushika moto upesi. Cheche yenyewe mara nyingi hutoka mkononi mwa mtu: mrina asali, mwindaji, au mpishi aliyeacha makaa. Tangu mwaka 1976 moto umeuteremsha sana mpaka wa juu wa msitu. Mwezi wa Oktoba 2020 ulizuka moto uliounguza kiasi cha kilomita za mraba 95, na Oktoba 2022 mlima ukawaka tena.

Udongo nao hudhurika. Moto mkali huila mboji, na mafuta ya majani yaliyoungua huingia ardhini yakafanya tabaka lisilopenyeka maji. Ikija mvua, maji huteleza juu na kuchukua majivu na udongo wenye rutuba. Tena moshi huongeza hewa ya ukaa, ambayo huzidisha joto, na joto huita moto mwingine.

Tusiseme kuwa hayo ni ya bara, hayatuhusu. Maji ya Kilimanjaro hulisha Mto Pangani, nao huzungusha mitambo ya umeme mkoani Tanga. Na tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari.

Sasa turudi mashambani. Mizizi midogo ya mkarafuu, ile inayotafuta chakula, iko karibu na uso wa ardhi. Moto wa biwi, hata usipougusa mti, huweza kuiunguza mizizi hiyo na kuyamaliza majani yanayoutunza unyevu. Mche hungojewa kiasi cha miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na mti uliotunzwa huwazalia baba na wajukuu. Saa moja ya moto yaweza kuiharibu kazi ya umri mzima.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: msichome. Fyekeni, kisha mtandaze majani kuzunguka mti bila ya kuligusa shina. Ikiwa hapana budi kuchoma matawi yenye ugonjwa, ngojeni mvua inyeshe. Choma asubuhi kabla ya upepo, mbali na mikarafuu, mahali palipofyekwa pande zote, maji yakiwa karibu na jirani akiwa na habari. Na wakati wa uchumaji, asiondoke mtu kambini kabla ya kuyazima makaa kwa maji.

Shamba halina ukuta wa kuzuia moto. Ukianza kwa mmoja wetu, utafika kwa wote.

Wasalaam,
Katibu wa Chama