Mvuke na Ukungu

Katika mazungumzo ya kila siku, mvuke ni ule weupe utokao katika birika lichemkalo. Katika sayansi, mvuke ni maji yaliyo katika hali ya gesi, nao hauonekani kwa macho. Weupe ule ni matone madogo mno ya maji, yaani ukungu.

Mwalimu wa Morogoro aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Watoto watie maji ya barafu yenye rangi katika bilauri kavu. Punde ubavu wake wa nje utalowa matone yasiyo na rangi: hayakutoka ndani, bali ni mvuke wa hewani uliopoa.

Vivyo hivyo, pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupoa zipandapo milima ya Uluguru, mvuke wake ukageuka ukungu. Istilahi hizi zisipotenganishwa, mtoto ataliona jaribio asielewe alichokiona.