Umezima Startup, Sasa Printa Imenyamaza

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba za Ukunda hujaa. Watu wanakimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, na mashine inayojikokota kuwaka inafukuza wateja. Hapo ndipo mwenye saiba anapobonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager, anaingia Startup na kuzima kila kilichomo. Mashine inaamka upesi kweli. Kisha mteja anataka kuchapisha, na printa kimya.

Mafundi wengi hapo hukimbilia kuweka Windows upya. Haraka ya nini? Programu iliyozimwa kwenye Startup haijafutwa. Imezuiwa tu isiamke pamoja na mashine. La kuuliza ni hili: kilichogoma kilikuwa kikitegemea nini? Laptopu ikikataa kusogeza ukurasa kwa vidole viwili ilhali kishale kinatembea, huenda umezima programu ya mtengenezaji wa padi ya kugusa, kama Synaptics. Ukizima OneDrive hutaona tatizo lolote, ila faili zitakuwa hazipandi mtandaoni, nawe utajua siku uko Msambweni unaitafuta barua uliyoiandika ukiwa Ukunda.

Printa ni kesi nyingine. Kwa kawaida Startup huwa na kidirisha chake cha kuonyesha wino tu, ambacho kikikosekana bado itachapisha. Ikinyamaza kabisa baada ya mtu kuzimazima vitu, mimi hushuku alipita pia kwenye zana ya Windows iitwayo msconfig, upande wa Services. Hiyo ni orodha tofauti, na ndani yake kuna Print Spooler, inayopanga kazi za printa, Windows Audio ya sauti, na WLAN AutoConfig, ambayo bila yake Wi-Fi haishiki. Anayebonyeza "Disable all" bila kwanza kutia tiki kwenye "Hide all Microsoft services" anaziangusha zote kwa pamoja. Hata PIN ya kuingilia inaweza kukataliwa. Likikufika hilo, shikilia Shift huku ukichagua Restart, pitia Troubleshoot hadi Startup Settings, ingia Safe Mode kwa nenosiri lako kamili, kisha urudi msconfig na uchague Normal startup.

Ukishaweza kuingia, usiwashe kila kitu cha Startup na kuondoka, maana hutajua mkosaji ni nani na uzito utarudi vilevile. Andika orodha ya ulivyovizima kwenye karatasi (stima ya kwetu haina ahadi), rudisha nusu yake, uwashe mashine upya. Kilichogoma kikifanya kazi, kilikuwa kikitegemea kitu kilichomo katika nusu hiyo. Kisipofanya, mkosaji yumo katika ile iliyobaki. Nusu yenye mkosaji igawe tena hivyo hivyo. Vitu 16 vinamalizika kwa raundi nne.

Kuna mtego mmoja unaowapotosha hata wazoefu. Tangu Windows 8, kuzima kwa Shut down mara nyingi si kuzima kamili: kipengele cha Fast Startup huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho mashine iamke haraka. Kwa hiyo jaribio la "zima halafu washa" linaweza kukudanganya. Tumia Restart, ambayo huanza yote upya.

Na kama umerudisha vyote na printa bado haisikii, achana na Startup. Tazama waya, kisha foleni ya printa, kwani kazi moja iliyokwama huziba zilizo nyuma yake. Uzito nao ukibaki, angalia safu ya Disk ndani ya Task Manager. Ikikaa asilimia 100 kwenye kompyuta ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, dawa ni kuibadilisha iwe SSD. Fungua na kifuniko pia, hasa kwa mashine inayokaa karibu na bahari ya Diani: vumbi likigandana na unyevu wa chumvi, feni haipumui, na prosesa iliyopata joto hujipunguzia kasi yenyewe.