Chumba kidogo cha moyo ambacho tunasahau kuulizia

Mtu akiambiwa kwamba misuli ya moyo wake ni migonjwa, jamaa huuliza: «Moyo unasukuma kwa kiasi gani?» Daktari hujibu kwa asilimia. Asilimia hiyo ni ya chumba kikubwa cha chini upande wa kushoto, kinachosukuma damu mwilini. Juu yake kuna chumba chenye ukuta mwembamba, atriamu ya kushoto, nacho kina habari yake.

Atriamu hupokea damu kutoka mapafuni, huipitisha chini, na mwishoni hujikaza kusukuma iliyobaki. Msukumo huo wa mwisho, kwa mtu mwenye afya, huleta karibu robo ya damu inayojaza chumba cha chini. Misuli ya chini ikiwa migumu au dhaifu, presha hurudi nyuma. Atriamu hujitahidi kwanza, kisha hupanuka na kuchoka, na presha hufika mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa hukosa pumzi akilala chali.

Hupimwa kwa ekografi, ambayo haichomi wala haina mionzi. Daktari huangalia atriamu ikiwa imejaa kabisa, halafu ikiwa imejitoa kabisa. Ikitoka mililita 60 hadi 27, imetoa zaidi ya nusu. Ikitoka 100 hadi 75, imetoa robo tu: ni kubwa, lakini haina nguvu. Ujazo ukizidi mililita 34 kwa kila mita mraba ya mwili, huhesabiwa kuwa imepanuka. Lakini ukubwa peke yake unaweza kudanganya. Mwanariadha anaweza kuwa na atriamu kubwa bila ugonjwa. Mwingine ana ya kawaida, kumbe ukuta wake umeanza kushindwa kunyooka. Mashine za kisasa hupima hata huko kunyooka.

Kwa nini tujali? Atriamu iliyochoka inaweza kupoteza mpango wa mapigo na kubaki ikitetemeka. Damu hutuama humo na kuganda, hasa katika kifuko kidogo cha pembeni. Bonge likienda ubongoni, mtu hupooza upande mmoja, na majirani huanza kutafuta mchawi. Dawa za kuzuia damu isigande zipo, ila lazima hatari ijulikane mapema.

Nawafikiria hasa mama zetu. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaoanza mwisho wa mimba au miezi ya kwanza baada ya kuzaa. Miguu huvimba, pumzi hukatika, nasi tunasema ni uchovu wa uzazi. Mama huyo asiache dawa kwa sababu amepata nafuu, wala asibebe mimba nyingine kabla moyo haujapimwa tena.

Karatasi ya ekografi kwetu huandikwa Kifaransa. Tafuteni herufi OG, yaani oreillette gauche, na mumuombe daktari awaeleze namba iliyo kando yake.