Jina la Sumbawanga katika Simo za Vijana

Kijana wa Dar es Salaam atakaye kumtisha mwenzake kwa mzaha humwambia, "Shauri yako, mimi nakwenda Sumbawanga." Hana nia ya kupanda basi. Maana yake ni kwamba atamroga. Na mzaha ukikolea, radi hutajwa.

Njia hii ya kuunda simo kwa jina la mahali si ngeni. Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, limekuwa neno la wazimu. Msimbazi, mtaa wa klabu ya Simba yenye jezi nyekundu, limekuwa neno la noti nyekundu ya shilingi 10,000. Huko kote mahali na maana hupatana. Katika Sumbawanga maana imepinduka.

Wenyeji wa Ufipa hulieleza jina hilo kwa lugha yao: sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Basi ni "tupa uchawi". Msemaji wa Kiswahili hunasa nusu ya pili tu, kwa kuwa kwake mwanga, wingi wanga, ni mchawi wa usiku. Sumba ya Kifipa haimwambii kitu. Yaelekea ndipo kosa lilipopata nguvu, ingawa si haki kulilaumu sikio peke yake. Uchawi mkali hudhaniwa daima kukaa mbali, na uwanda ulio baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa u mbali kweli na Kariakoo. (Wapemba nao, upande wa pili wa nchi, wamebebeshwa mzigo huohuo.)

Historia huunga mkono tafsiri ya wenyeji. Mwaka 1968 R. G. Willis alichapa katika jarida la Africa makala juu ya Kamcape, harakati ya kuondoa uchawi miongoni mwa Wafipa. Neno hilo ni ndugu wa mchapi, lililovuma kutoka Malawi katika miaka ya 1930, na asili yake ni kuchapa, ambalo katika Kinyanja ni kufua nguo. Kutupa na kufua: vyote viwili ni vitenzi vya usafi.

Sheria ya Uchawi ya 1928 hukataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Simo huutaja mji mzima, katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo.

Hata hivyo vijana wa Ufipa walioko ugenini wameligeuza neno kuwa ngao: "Usinichezee, mimi wa Sumbawanga." Hapo mtunga kamusi hupata taabu, maana neno limeanza kustahili herufi ndogo.