KWA NINI INJINI YA MASHUA HUSITA

Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, Wilaya ya Busega ndiyo iliyoupa pwani katika Ziwa Victoria, upande wa Ghuba ya Speke. Wasomaji wetu wa Bariadi, Itilima na Maswa huenda wakadhani ya kuwa habari za mashua si zao. Lakini dagaa na sangara wauzwao sokoni kwao hutoka ziwani, na ugonjwa tutakaoueleza hapa huzipata pia pikipiki na pampu za maji zitumiazo petroli.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Injini ifungwayo nyuma ya mashua, hasa iliyokwisha kutumika miaka mingi, yawaka vema ufukoni na kunguruma taratibu bila kosa lolote. Nahodha akisha kuondoka, akafungua mwendo ili ayapasue mawimbi, injini yasita na kukohoa kama mtu mwenye kwikwi. Pengine yashika mwendo baadaye, pengine yazimika kabisa. Si jambo la kuchekwa, maana mashua iliyopoteza mwendo haiwezi kuelekeza omo yake kwenye wimbi: hugeuka ubavu, maji yakaingia, na usiku wa kuvua dagaa hakuna wa kuwaona waliomo.

Basi tuitazame sababu. Injini hula petroli na hewa pamoja, na plagi hutoa cheche ya kuviwasha. Ikienda polepole, chakula chake ni kidogo. Hata kama njia ya petroli imezibwa nusu, kile kidogo hupita na kutosha. Ukifungua mwendo kwa ghafula, hewa, kwa kuwa ni nyepesi, huingia mara moja, bali petroli huchelewa. Hapo ndipo injini husita kwa njaa. Kwa hiyo injini inayonguruma vizuri ufukoni haijathibitisha kitu. Yapasa ijaribiwe ikiwa na mzigo, karibu na nchi kavu, makafi yakiwamo ndani na kila mtu amevaa koti lake la kujiokoa.

Sisi wenyewe tulipata kusafiri katika mashua ya namna hiyo. Fundi alikuwa amekwisha kubadili plagi mara mbili, na mwenye mashua amelipa mara mbili, wala kukohoa hakukuisha. Mzee mmoja aliyekaa karibu na tangi akainama, akalegeza skrubu ndogo iliyo juu ya kifuniko. Tangi likavuta pumzi kwa sauti tuliyoisikia sote, na injini ikashika mwendo. Skrubu ile hupitisha hewa ili ijaze nafasi ya petroli inayotoka; ikifungwa, petroli hukataa kutoka. Dawa hiyo haikugharimu hata senti moja, nasi twashauri ianze yeye yote asijafungua sanduku la vyombo.

Skrubu ikiwa wazi na ugonjwa ungaliko, iulize injini yenyewe. Katikati ya mpira wa petroli mna pampu ndogo ya kubinya kwa mkono. Injini inaposita, mtu mmoja aibinyebinye. Ikipata nguvu, basi ilikuwa na njaa: pampu ya petroli imechoka, au chujio limejaa taka, au mpira umepasuka na kunyonya hewa. Waweza pia kuvuta choki kidogo, maana choki hupunguza hewa. Injini ikichangamka, kosa li katika petroli. Ikizidi kukohoa, tazama cheche.

Petroli yenyewe huweza kuwa na maji. Tia kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini nawe utauona mpaka wake. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayaonekani hivyo. Udanganyifu huo ulienea sana nchini hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kutia alama katika mafuta ili wachanganyaji wagunduliwe. Aheri kununua katika kituo kuliko katika madumu ya njiani. Tena msinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni yaweza kuua.

Plagi husema kweli kwa rangi yake. Ikiwa ya kahawia, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, oili imezidi au cheche ni dhaifu. Ikiwa nyeupe, injini ina njaa na joto limepita kiasi. Nahodha akiipuuza, pistoni itakwama au kutoboka, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya petroli ya siku nyingi. Injini nyingi za mipigo miwili hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa lita 20, ila kitabu cha mtengenezaji ndicho kifuatwe. Twaona wavuvi wakipima kwa macho. Anayebana oili hujidhani mwekevu, kumbe aila injini yake.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo kabureta ifunguliwe. Petroli iliyolala ndani yake miezi mingi huacha utomvu, nao huziba vitundu vyake vyembamba. Vioshwe na kupulizwa kwa hewa. Visichokonolewe kwa waya, kwani kitundu kikipanuka hakirudi.

Iko hali nyingine inayowadanganya watu: injini yavuma kwa nguvu unapofungua mwendo, bali mashua haisogei sana. Hiyo haina njaa wala haikosi cheche. Mpira ulio ndani ya kitovu cha rafadha, yaani propela, umelegea na kuteleza. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovuni kupita juu ya mpira huo, uende nayo kwa mwendo wa nguvu, kisha uzime na kuutazama. Ukiukuta umekatika na vipande vyake kuachana, peleka propela kwa fundi, na kabureta uiache kama ilivyo.