Mwanya na Pengo

Katika lugha ya Kiingereza limo neno moja la sifa, gap-toothed, ambalo msomaji wetu hulikuta vitabuni, akafungua kamusi, akaridhika na tafsiri ya kwanza aionayo, ilhali lina maana mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza yamhusu mtu ambaye meno yake yote yamo kinywani, ila yale mawili ya mbele yameachana kidogo. Ya pili yamhusu mtoto wa miaka sita au saba aliyeng'oka meno ya utotoni, ambaye akicheka, ulimi huchungulia pale palipo wazi. Mwingereza huwaita wote wawili kwa tamko lile lile. Mswahili hawachanganyi abadani, kwani wa kwanza ana mwanya na wa pili ana pengo.

Sifa hiyo ni kongwe kwa Waingereza. Geoffrey Chaucer, mshairi wao aliyefariki mwaka 1400, alimpa mwanamke wa mji wa Bath katika kitabu chake Canterbury Tales, aliyeolewa na waume watano na kuzuru Baitul-Mukadasi mara tatu. Na wajuzi wa firasa wa zama zile, waliosoma tabia ya mtu usoni mwake, waliuhesabu mwanya kuwa alama ya ujasiri na ashiki.

Huku pwani mwanya ni pambo. Kwa Waarabu vilevile: Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na mwanya, na hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari yawalaani wanawake wajitengao meno kwa kutafuta uzuri, nayo ni dalili tosha kwamba jambo hilo lilitamaniwa.

Tena mwanya kwetu ni nafasi, kama asemavyo mtu katika msongamano, "Nipeni mwanya nipite," ilhali pengo ni upungufu. Ndiyo maana mtu mashuhuri akifa husemwa ameacha pengo, wala hakuna athubutuye kusema ameacha mwanya.

Basi mfasiri akutanaye na neno hili asikimbilie kalamu, bali amtazame kwanza kinywani huyo asifiwaye: ikiwa jino limetoka, aandike pengo, ikiwa yote yapo, aandike mwanya, asije akamng'oa mrembo wa watu jino ambalo Mungu hakumnyima.